Chuma cha Ufipa na Udongo wa Dakawa

Akiolojia, yaani taaluma inayochunguza maisha ya watu wa kale kwa kufukua na kusoma mabaki ya vitu walivyoviacha, ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1985, na miongoni mwa Watanzania walioikuza ni Profesa Bertram Mapunda, ambaye baadaye alikuja kukiongoza Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan mjini Morogoro. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu, aliouwasilisha katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, mwaka 1995, ulihusu uyeyushaji wa chuma kusini-magharibi mwa Tanzania, hasa Ufipa, ambako mafundi walijenga malungu, yaani matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, kisha wakakisafisha chuma katika matanuri madogo yaliyopulizwa kwa mivukuto. Huo ni ufundi uliokomaa, na kuuita wa kubahatisha ni kuwadhulumu waliouvumbua.

Hazina ya namna hiyo haiko mbali na Mwembesongo, kata ya mji wa Morogoro. Huko Dakawa, kaskazini mwa mji, wanaakiolojia walikuta vigae vya kale pamoja na mavi ya chuma, yaani taka ngumu inayobaki madini yanapoyeyushwa. Mwanafunzi wa uzamili anayetoka Mwembesongo anaweza kuanzia hapo, na heri aanze mapema, kwa kuwa tabaka za udongo zikishavurugwa na majembe au uchimbaji wa mchanga, umri wa kigae hausomeki tena kutokana na mahali kilipolala.