Behewa Si Bibi Harusi

Walimu wenzangu, nanyi wazee mliopanda daladala kutoka Soga na Kisarawe kuja kunisikiliza hapa Maili Moja,

Rafiki yangu mmoja, mhandisi, aliniambia kwamba behewa kongwe la mbao likikarabatiwa ni lazima lirudi lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Bila hivyo tunabaki na viraka. Neno viraka alilitamka kama tusi. Mhadhara huu umezaliwa hapo.

Historia ya Reli ya Kati mnaijua. Wajerumani walianzia Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma 1914, njia ikapita kusini mwetu na sisi tukaachiwa barabara. Nisipoteze muda.

Tumfuate rafiki yangu hadi neno lake linapoishia. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yanalo behewa ambamo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, aliuawa na simba katika stesheni ya Kima, Juni 1900. Mwandishi ninayemrudia kila mwaka katika jambo hili ni J. H. Patterson, aliyelisimulia katika kitabu chake cha 1907. Wengi humsoma kwa ajili ya simba. Mimi humsoma kwa ajili ya mlango. Anaeleza kwamba behewa lilisimama kwenye njia mpya ya pembeni, ardhi haijatulia, likawa limeinama upande mmoja. Mlango ulikuwa wa kusukuma, ukiteleza kwenye reli ndogo za shaba. Simba alipoingia, uzito wake ukaongeza ule mwinamo, mlango ukateleza nyuma yake na kujifunga. Ryall, aliyekuwa na zamu ya kulinda, alikuwa amelala. Mwenzake mmoja alikuwa sakafuni na mwingine kitanda cha juu. Simba akatoka na Ryall dirishani. Ona jinsi seremala wa mbali, aliyeusugua mlango ule hadi ukateleza vizuri, alivyoingia katika mkasa bila kujua!

Sasa lirudishe behewa hilo siku ya kiwandani. Simba hajaingia. Ryall hajafa. Umebaki na sanduku zuri lenye vanishi, na mgeni anakuuliza kwa nini limewekwa makumbusho.

Rafiki yangu atanijibu kwamba si kila behewa limeingiwa na simba. Kweli, lakini kila behewa limeingiwa na maji. Adui huanzia paani: turubai lililolazwa juu ya mbao huchanika, maji yakashuka polepole ndani ya nguzo hadi kwenye boriti ya chini, pale ulimi wa nguzo unapokaa katika tundu lake. Nje rangi inang'aa. Ndani ukichoma bisibisi inazama kama kwenye muhogo uliooza. Ndiyo maana behewa lililotumika miaka mingi lina kazi ya maseremala wa karakana zetu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Rafiki yangu anataka kuing'oa kazi hiyo ili amheshimu fundi wa Ulaya. Nahodha wa jahazi Bagamoyo hubadilisha ubao baada ya ubao, wala hajawahi kusema jahazi lake limekufa.

Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu ukarabati wa majengo ya kale, na ule wa Riga wa 2005 kuhusu urithi wa reli, wenzangu mnaifahamu, nisiisome.

Nina kosa la kukiri. Miaka mingi iliyopita nilinunua luva ya behewa la daraja la tatu, iliyokuwa mlango wa banda la kuku huko Soga. Nikaipiga msasa jioni nzima, nikaifanya iwe safi. Niliposhika ufagio ndipo nikaona vumbi sakafuni: damu ya mzee, ile rangi ya Reli ya Afrika Mashariki, chini yake kijivu, kisha rangi ya tatu ambayo hadi leo siijui. Nilikuwa nimekisaga kitabu nikabaki na jalada.

Linabaki suala la mbao za kiraka: msaji au miti ya kwetu? Nakiri kwamba msaji una mafuta yake, mchwa hawaupendi, na skrubu ndani yake haishiki kutu upesi. Nakiri pia kwamba siku hizi unalimwa Longuza na Mtibwa, kwa hiyo si mgeni tena. Nimezipima hoja hizo zote, na bado nasema boriti iliyooza ibadilishwe kwa mbao za mkongo au mninga, ambazo zikikaushwa vizuri hazipindi, na kiungo kiachwe kionekane. Ndiyo, ni kiraka.

Wazee wangu, treni ya umeme inapita Soga tangu 2024, na nyumbani kwenu bado kuna mabenchi, milango na luva za behewa. Msizipige msasa. Futeni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mziweke mbali na sakafu, na mniite nije kuzitazama.