NGERENGERE NI JASHO LETU, TUSIMULIWE

(Maelezo ya mwandishi huyu kwa vijana wa kijiwe kimoja mjini Dodoma)



Ukipanda treni hapa kwenda Dar, ukishaipita Morogoro unafika Ngerengere. Uliza kuna nini huko porini, abiria mwenzako atakwambia: nyamaza, hayo ya jeshi.

Sikuja kutoboa siri. Zipo ndege ngapi, zimelala wapi, hayanihusu. Nazungumzia historia.

Askari waliasi Januari 1964, tukaanza upya na JWTZ Septemba mwaka huo huo. Wajerumani Magharibi walikuja kufundisha marubani, wakafungasha virago 1965 kwa sababu tuliwaruhusu wenzao wa Mashariki kufungua ofisi Dar. Wakaja Wakanada na ndege za mizigo. Ndege za kivita zilitoka China, na Wachina ndio waliotujengea Ngerengere.

Kisha Kagera. Kituo cha Mwanza ndicho kilichokuwa karibu na adui. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumwokoa Amin, ilikwenda kuipiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Swala, jamani! Aprili 1 zetu zikapiga Kampala, Jinja na Tororo.

Hayo wazee husimulia wakicheka. Lakini mwaka 1978 mizinga yetu wenyewe ilitungua ndege zetu tatu kwa makosa. Hapo kicheko kinakatika. Mimi nimemaliza kidato cha nne, na hilo sikulisikia darasani hata siku moja. Nani hapa alilisikia?

Itazameni Kongwa, mkoani humu humu. Tangu 1964 ilikuwa kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO na wengine, na mambo yake hayakusemwa ovyo. Leo wageni wanapelekwa kuona makaburi yao, na nchi haijaanguka.

Bajeti ya ulinzi inapitishwa bungeni, mwendo wa bodaboda tu kutoka hapa tulipokaa. Anayeilipa ni kabwela, kila anaponunua sukari. Anaambiwa alipe, halafu anaambiwa asiulize hata ya miaka zaidi ya 40 iliyopita!

Nimemaliza. Mwenye babu aliyekuwa Ngerengere au Mwanza miaka ile, abaki kidogo. Kalamu ninayo.