Jina la Fisi



Wazazi hutuuliza kama katuni zina madhara kwa watoto, maadamu hazina matusi. Na tuanze basi na tusi. Katika filamu "The Lion King", iliyotolewa na Disney ya Marekani mwaka 1994, mrithi wa ufalme anaitwa Simba, nyani mwenye hekima Rafiki, na fisi jike anayewaongoza wenzake, Shenzi. Watoto wa Marekani walisikia jina tu. Sisi twalijua neno hilo. Watu wa pwani waliwatukana kwalo watu wa bara. Baadaye walowezi wakatutukana kwalo sote, wa pwani na wa bara.

Fisi hao hukaa gizani, nje ya mipaka, nao wana njaa daima. Wakiingizwa, nchi inakauka. Mtoto haambiwi kwa nini wenye njaa wasipate nafasi. Hufunzwa kuwacheka, na kushangilia wakishindwa. Siku atakapomwona mkimbizi, picha imekwisha kuwamo moyoni.

Lakini katuni hutungwa na watu, na watu huweza kuambiwa. Wamarekani wenye asili ya Kiarabu walilalamikia wimbo wa kwanza wa "Aladdin" (1992), uliosema kwamba kwao watu hukatwa masikio. Mwaka 1993 maneno hayo yalibadilishwa katika kanda za video. Neno lililoiita nchi yao ya kishenzi likaachwa.

Twawaomba wazazi, keteni na watoto wenu mbele ya televisheni, mwaulize: fisi wale wangekula nini?