Utitiri Mwekundu wa Nyanya: Mazungumzo ya Bwana Shamba na Wakulima



Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kiumbe ambaye wengi wenu mmekwisha kuiona kazi yake, lakini yeye mwenyewe hamjamwona. Nyanya zako za kiangazi zimeshika vizuri, maua yametoka, matunda ya kwanza yamefikia ukubwa wa ndimu. Kisha majani ya chini yanaanza kupauka, kana kwamba yamenyunyiziwa unga. Baada ya juma moja yamegeuka rangi ya shaba, na juma la pili shamba ni kama limepitiwa na moto. Jirani atakuambia ni jua kali. Mwingine atasema ni ukungu, na wa tatu atasema una mkono wa mtu. Yawezekana sana kwamba ni utitiri mwekundu.

Utitiri wa kuku mnamjua, yule anayemwasha mtu mikono akigusa kiota cha kuku anayeatamia. Huyu wa nyanya ni wa ukoo huo huo. Si mdudu kama kiwavi au kidukari. Mdudu ana miguu sita, lakini utitiri mzima ana miguu minane, naye ni jamaa ya kupe na buibui. Urefu wake ni kama nusu ya milimita tu. Jambo hili la miguu minane lina faida kwako, maana ndilo linaloeleza kwa nini dawa nyingi za viwavi na inzi weupe zilizopo dukani hazimwui.

Anakaa upande wa chini wa jani. Hutoboa jani kwa mdomo wake na kufyonza maji yake, na kila alipofyonza pabaki doa dogo jeupe. Akizidi kuwa mwingi hufuma utando mwembamba kama wa buibui kutoka jani hadi jani, na ukiuona utando huo juu ya kilele cha mche, ujue umechelewa. Jike mmoja aweza kutaga mayai mia moja au zaidi katika maisha yake mafupi. Penye joto la digrii 30 hivi, yai huanguliwa kwa siku tatu hadi tano, na kabla ya siku kumi kupita, au kumi hivi, aliyeanguliwa naye anataga. Penye baridi huenda polepole zaidi. Kwa hiyo ukimwona leo, ukasema utamshughulikia baada ya mnada wa juma lijalo, utakayemkuta si yule uliyemwacha bali ni wajukuu wake.

Mvua humwosha na kumwangusha, ndiyo maana wakati wa masika hamsikii habari zake. Kiangazi, joto na vumbi ndivyo vinavyomfaa. Mstari ulio kando ya barabara yenye vumbi mara nyingi ndio unaoanza kuungua.

Utitiri mwekundu wa nyanya asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika bara letu alionekana Zimbabwe mwaka 1979, na mwaka 2001 akatambuliwa Kenya. Baada ya mavuno hafi. Hujificha katika mnavu, katika nyanya zilizojiotea zenyewe, katika biringanya na viazi ulaya. Ndugu yake mwingine, mwenye madoa mawili mgongoni, hupenda maharage, waridi, na hata yale maua ya kwenye makopo tunayoweka barazani na ndani ya nyumba.

Sasa nitawaambia kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana katika kazi hii, mama mmoja alinijia na jani la nyanya mkononi. Shamba lake lilikuwa robo eka, na nyanya hizo ndizo zilizokuwa karo ya watoto wawili. Nililitazama jani upande wa juu, sikuligeuza, nikamwambia apige dawa ya viwavi. Akapiga. Baada ya juma moja alirudi akasema hali imezidi, nikamwambia arudie. Alipiga mara tatu mpaka fedha yake ikaisha. Nilipokwenda shambani na kioo cha kukuzia ndipo nilipoona utitiri wamejaa chini ya kila jani, na maadui zao wa asili hakuna hata mmoja. Mama yule alivuna madebe machache ya nyanya zilizobabuka kwa jua, maana majani ya kuzitia kivuli yalikuwa yamekwisha. Nilimwomba radhi, naye alinisamehe, lakini karo haikupatikana.

Kwa nini dawa ilizidisha balaa? Kwa sababu utitiri ana maadui. Wako utitiri wengine wanaokula utitiri. Utawatambua kwa mbio zao juu ya jani. Yuko kidudu mweusi wa mviringo mwenye mgongo mgumu, mdogo kuliko punje ya ulezi, ambaye chakula chake ni utitiri na mayai yao. Ukinyunyiza dawa kali ya viwavi, hao ndio wanaokufa kwanza, na utitiri hubaki bila wa kumsumbua. Jambo hili si geni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wenye mashamba ya matunda katika Ulaya na Marekani walipoanza kunyunyiza DDT kwa wingi, utitiri ambao zamani haukuwa taabu kubwa uligeuka kuwa adui mkuu wa matofaa yao.

Basi tufanyeje? Kwanza, geuza jani. Mara mbili kwa juma, tangu miche inaposhika ardhini, pita shambani asubuhi ukague majani ya chini ya miche ishirini hivi, hasa ya pembezoni. Ukiona vidoadoa vyeupe, shika karatasi nyeupe chini ya jani na uligonge kwa kidole. Ngoja kidogo. Vumbi halitembei, ukiona chembe zinatembea, umempata. Kazi hii haichukui hata nusu saa wala haigharimu kitu, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko chupa yoyote ya dawa.

Akiwa katika miche michache tu, chuma majani yaliyoshikwa, yatie katika mfuko papo hapo, uyachome au kuyafukia mbali. Usiyaburure kati ya mistari, maana utitiri huanguka njiani. Hushika pia nguo na mikono. Kwa hiyo siku zote anza kazi penye miche mizima, na penye ugonjwa umalizie.

Kisha tumia maji. Piga maji safi kwa bomba la mgongoni, mdomo wa bomba ukielekea juu kutoka chini ya majani. Wengi hunyunyiza kutoka juu kama wanaobariki shamba, na utitiri yuko chini amejikinga kama mtu aliye chini ya mwavuli. Fanya hivyo asubuhi na mapema ili majani yakauke kabla ya adhuhuri, kwani nyanya zikilala na maji hukaribisha ukungu. Shamba likiwa na ukungu tayari, acha njia hii.

Maji yasipotosha, tia sabuni. Kuna sabuni zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, nazo hufuata kipimo cha chupa. Usipozipata, kuna sabuni ya mche, ile ya kufulia. Kuna kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita moja, iyeyushe katika maji ya moto kidogo, kisha ongeza maji mengine na uchuje kwa kitambaa. Sabuni ya unga usitumie, yaweza kuunguza majani. Maji magumu yasiyotoa povu hayafai, afadhali maji ya mvua. Jaribu kwanza kwenye mche mmoja na ungoje siku mbili. Sabuni humwua utitiri anapoloweshwa nayo. Ikikauka haina nguvu tena. Na mayai mengi hubaki salama. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: wanapiga mara moja, wanaona nafuu, wanaacha. Yakupasa kurudia baada ya siku nne au tano, kisha mara ya tatu, ili uwapate walioanguliwa kabla hawajataga.

Salfa ya kuchanganya na maji husaidia pia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, lakini katika jua kali huunguza majani. Usiichanganye na mafuta ya aina yoyote.

Utitiri wakizidi nguvu zako zote hizo, ziko dawa zilizotengenezwa hasa kwa utitiri. Mwulize Bwana Shamba wako ni ipi iliyosajiliwa kwa nyanya. Usitumie dawa ya aina moja mfululizo, kwa kuwa utitiri huizoea upesi kuliko wadudu wengi. Vaa nguo za kufunika mwili, na uzihesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna kama zilivyoandikwa kwenye chupa, maana nyanya hiyo italiwa na watoto wako pia. Na kwa kuwa nimesema utitiri ni jamaa ya kupe, kuna atakayekushauri utumie dawa ya josho. Usikubali. Dawa ya kuogeshea ng'ombe haikupimwa kwa chakula kinachochumwa leo na kuliwa kesho.

Mbolea ya chumvichumvi usiizidishe. Majani laini yaliyonenepa kwa naitrojeni humpendeza utitiri kuliko yanavyokupendeza wewe. Nyanya zisikae na kiu, na mara mavuno yakiisha ng'oa mashina yote usiyaache yakauke shambani. Mnavu unaoujaza ukingo wa shamba uchume ule au uung'oe.

Najua kina mama wataniuliza habari za maua ya nyumbani. Dawa yake ni nyepesi. Toa kopo nje, funika udongo kwa kitambaa ukikaze shingoni mwa mche, uliinamishe, na uoshe majani upande wa chini kwa maji ya bomba au ya birika. Rudia kama nilivyosema. Liweke mbali na maua mengine mpaka litakapopona. Wakulima wa waridi wa Naivasha huko Kenya huwanunua wale utitiri wanaokula utitiri na kuwamwaga katika mabanda yao. Mmoja wao maarufu aligunduliwa kwa bahati mwaka 1958, katika maua ya okidi yaliyopelekwa Ujerumani kutoka Chile. Lakini yeye hampendi sana utitiri mwekundu wa nyanya, kwa hiyo sikushauri utoe fedha zako kwa ajili hiyo.

Ukiwa na shaka, niletee jani. Lifunge katika karatasi, ulitie ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na ukija nalo usikatize katikati ya shamba la nyanya la mwenzako.