Udongo wa Gunia

Leo tuko Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, ambako nyumba za kupanga zimebanana hata shamba la wengi ni gunia la sukuma wiki kando ya mlango. Udongo wa hapa una majivu mengi ya volkano: ni mwepesi, na maji hayakai. Kwa hiyo tuuchanganye.

Chukua karai mbili za udongo, mbili za mboji na moja ya pamisi, yale mawe mepesi yanayoelea majini. Yana vitundu vinavyoshika maji huku yakiacha hewa ipite, ndiyo maana mashamba ya maua huyatumia pia. Majivu ya jikoni tia kidogo sana, yasije yakazidisha magadi.

Mboji je? Gugumaji limejaa ziwani. Katakata majani na mashina, mizizi uiache, kwa kuwa huko ndiko uchafu wa ziwa hujikusanya. Linyaushe juani, lipange kwa tabaka na nyasi kavu na samadi, kisha geuza kila baada ya wiki mbili. Miezi mitatu hivi litaiva. Tafadhali usilifuate ufukweni jioni. Viboko hawana mzaha.

Mabaki ya waridi siyapendekezi, maana hupigwa dawa. Ukiwa na shaka na mboji yoyote, panda kwanza maharagwe machache mkebeni. Majani yakijikunja, usiijaze guniani.