Ramani Bila Daftari: Funzo la Ardhi Kutoka Rwanda

(Hotuba ya Karani wa Chama iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Ni desturi ya Mkutano wetu kwamba, hesabu za fedha zikiisha kusomwa, huletwa mbele yenu neno moja la kufikiriwa katika mwaka unaokuja. Mwaka huu neno letu ni ardhi. Si habari za kuigombea, bali habari za kuipanga.

Sababu yake mmekwisha kuiona katika kurasa za hesabu. Mfuko wetu wa misaada uliwekwa kwa ajili ya wagonjwa, wajane na mayatima. Lakini tulipofunga vitabu tuliona ya kuwa kesi za mipaka zimekula fungu kubwa kuliko maziko na karo za shule. Miongoni mwa waliosaidiwa yumo mjane wa mwanachama mwenzetu. Marehemu alinunua kiwanja, akajenga nyumba ya mawe, akahamia na watoto wake. Baada ya kufa kwake ikaonekana ya kwamba nusu ya nyumba ile imesimama mahali ambapo ramani imepaweka kwa barabara, na kwamba hati yenyewe ingali katika jina la babu yake muuzaji, mtu aliyezikwa zamani. Mapatano ya kuuziana yaliandikwa katika daftari la shule. Na mashahidi waliotia sahihi zao, wazee wetu, tulikuwa ni sisi. Hatukusema uongo. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ramani iko wapi, wala jina la nani limo katika hati. Kwa hiyo haya hatuyasemi kwa kumlaumu mtu. Twajilaumu wenyewe kwanza.

Kuuliza si ujinga. Na tukitaka kuuliza jinsi watu wengine walivyotengeneza jambo hili, hatuna haja ya kuvuka bahari. Yupo jirani yetu, nchi ya Rwanda.

Rwanda ni nchi ndogo. Eneo lake ni kilomita za mraba 26,338, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 iliwakuta watu zaidi ya milioni 13. Ukiwagawanya sawasawa utapata watu kama 500 katika kila kilomita moja ya mraba. Kenya yetu yaizidi kwa ukubwa zaidi ya mara 20. Katika nchi ya namna ile, kosa la hatua kumi katika kupima mpaka laweza kuiondolea nyumba chakula chake. Tena nchi hiyo ilipatwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi katika mwaka 1994. Waliokuwa ugenini tangu 1959 wakarudi. Wengine wakakimbia, kisha nao wakarudi. Na shamba moja likawa na wenyewe wawili, kila mmoja akisema kweli kwa upande wake. Mahali pengine iliwabidi wagawane. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaletea ramani yenye rangi nzuri ukawaambia, hapa patakuwa mji na pale patakuwa msitu, kabla hujawajibu swali lao la kwanza: je, hapa ni kwa nani?

Serikali yao ilitoa siasa ya ardhi katika mwaka 2004, na sheria ikafuata mwaka 2005. Mwaka 2007 wakaanza kujaribu kazi ya kuandikisha mashamba katika seli nne tu, kwa kuwa hawakutaka kuharibu nchi nzima kwa kosa moja. Walipokwisha kujifunza, kati ya 2009 na 2013 wakaifanya kazi hiyo katika nchi yote, na vipande zaidi ya milioni 10 vikaandikwa.

Twaomba mwangalie namna ilivyofanywa, maana hapo ndipo penye funzo. Hawakungoja wapima ardhi wenye vyeti vikubwa, ambao ni wachache na ujira wao ni mwingi. Nchi ilipigwa picha kutoka angani kwa ndege. Vijana wa mahali pale pale wakafundishwa, wakatembea shambani pamoja na mwenye shamba na jirani zake, na mpaka ukachorwa juu ya ile picha, wote wakitazama. Kisha majina na michoro vikawekwa wazi ili kila mtu avione, na mwenye neno alilete. Penye ugomvi hapakufichwa, bali paliandikwa ya kuwa pana ugomvi, na watu wakapelekwa kwa wapatanishi wao wa kijiji, waitwao Abunzi, au mahakamani.

Jambo la pili ni hili. Mume na mke waliooana kwa sheria waliandikwa wote wawili. Sheria yao ya mwaka 1999 ilikuwa imekwisha kumpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Hata hivyo, wake ambao ndoa zao hazikuandikwa serikalini walikuwa katika hatari ya kuachwa nje ya daftari. Akina mama waliomo katika mkutano huu wataelewa upesi maana ya neno hilo.

Jambo la tatu ni ofisi zenyewe. Tangu mwaka 2006 nchi ile imegawanywa katika wilaya 30, na chini yake sekta 416, na chini ya sekta seli zaidi ya 2,000. Kazi ya ardhi ina watu wake wilayani, nayo imeteremshwa hata katika sekta, ili mzee asiuze mbuzi kwa ajili ya nauli ya kwenda kuuliza mpaka wake. Ofisi kuu imebadilishwa jina na mipaka ya kazi zaidi ya mara moja, na leo ni Mamlaka ya Taifa ya Ardhi. Lakini daftari limebaki moja. Kila kipande kina namba yake. Juu ya daftari hilo ndipo unaposimama mpango mkuu wa taifa wa matumizi ya ardhi wa miaka 2020 hadi 2050, usemao ni wapi pa kulima, pa misitu, pa maji na pa miji. Na mipango ya wilaya yapaswa kupatana nao. Mtu wa Kigali aweza kuuliza kwa namba ya kiwanja chake, akaambiwa kimewekewa matumizi gani, kabla hajaweka jiwe la kwanza. Ndugu zetu, laiti marehemu mwenzetu angaliweza kuuliza hivyo!

Lakini hatukusimama hapa kuisifu nchi ya wengine kama waimbaji wa arusi. Kazi yao ilikuwa na kasoro, na kasoro hizo zatufaa sawa na mema yao.

Kwanza, sheria yao ya mwaka 2013 ilikataza kukata shamba la kilimo liwe chini ya hekta 1. Nia yake ilikuwa njema, maana shamba likikatwa-katwa halilishi mtu. Lakini familia nyingi zilikuwa na chini ya hekta hiyo tangu mwanzo, na baba mwenye wana wanne hawezi kuwaambia watatu wapotee. Watu wakaendelea kugawiana kwa mdomo na kwa karatasi za nyumbani. Tena ada ya kuhamisha shamba kwa jina jipya ilikuwa kwa muda mrefu yapata faranga 30,000, sawa kwa mwenye kishamba na kwa mwenye shamba kubwa. Mnunuzi wa kipande kidogo aliona ada yaweza kukaribia bei ya ardhi yenyewe, akaacha kuandikisha. Hivyo daftari lililoandikwa kwa jasho likaanza kusema jambo moja, na shamba likasema jingine.

Pili, mpango wa mji wa Kigali wa mwaka 2013 ulilaumiwa kuwa ulitazama nyumba ambazo wananchi wengi hawakuwa na uwezo wa kuzijenga. Mpango ulipopitiwa upya na kutolewa mwaka 2020, ulilegeza mambo: ukaruhusu mtu kujenga kidogo kidogo kadiri ya mfuko wake, na ukaruhusu duka na makazi kukaa pamoja. Kurekebisha namna hiyo si aibu. Mpango usiokubali kurekebishwa ni kama kanzu ya mtoto anayekua: hupasuka yenyewe.

Tatu, wakazi wa Kangondo na Kibiraro, katika mji huo huo, walitakiwa kuhama na kupewa nyumba huko Busanza mahali pa fedha. Wengi walikataa, wakitaka malipo ya thamani ya mali yao mkononi. Shauri likaenda mahakamani kwa miaka, na mwaka 2022 wakaondolewa. Kuna wasemao nyumba mpya ni bora kuliko za zamani. Huenda ni kweli. Lakini mtu aliyehamishwa bila moyo wake kuridhika hubaki na neno, na neno hilo humfikia mwanawe.

Basi funzo letu ni hili: ramani bila daftari ni picha tu, daftari bila ofisi iliyo karibu huzeeka, na ofisi isiyosikiliza watu hupanga nchi isiyokuwako.

Bwana Mwenyekiti, sisi wa Kenya hatuwezi kusema hatukuanza mapema. Katika mwaka 1954 ulitoka mpango wa Bwana Swynnerton, na vishamba vilivyotawanyika vikakusanywa na kuandikwa, hasa katika Mkoa wa Kati, nyakati za Hali ya Hatari. Mashamba yaliandikwa zaidi kwa majina ya wanaume wakuu wa nyumba. Mengi yao yangali katika majina hayo, na wenye majina wamelala makaburini. Wana waligawana, wajukuu wakagawana tena, na daftari halikuambiwa. Ugonjwa ulioanza kuwapata jirani zetu, sisi tumeuguza kwa vizazi viwili na zaidi.

Dawa nayo ipo kwa sehemu. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 yaitaka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka 10, upitiwe kila baada ya miaka 5. Na sheria ya mwaka 2019 juu ya mipango ya matumizi ya ardhi yampa mwananchi nafasi ya kutoa maoni yake. Lakini nafasi isiyotumiwa ni sawa na isiyokuwako. Tangazo hubandikwa, jua hulichoma, mvua hulifuta, nasi hatwendi. Kisha tinga-tinga likija twasema hatukuambiwa.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo manne, ili Mkutano uyakubali au uyatengeneze.

La kwanza: Chama kifungue daftari la ardhi za wanachama. Kila mmoja kwa hiari yake aandikishe namba ya kipande chake, jina lililomo katika hati, na majina ya wote wanaokaa juu yake leo, wake na mabinti wakiwemo. Daftari hilo halitakuwa hati. Litatuonyesha tu ni wapi maiti angali anamiliki shamba.

La pili: tangu leo mwanachama yeyote asitie sahihi ya ushahidi kwa jina la Chama katika kuuziana ardhi, mpaka hati ichunguzwe katika ofisi ya ardhi na ramani ya mipango itazamwe.

La tatu: mfuko wa misaada usaidie kwanza ada za mirathi, ili hati zitoke kwa wafu ziende kwa walio hai, kabla ya kulipia kesi. Fedha ya kuziba ufa ni ndogo kuliko ya kujenga ukuta.

La nne: wachaguliwe watu watano, na katika hao wasipungue akina mama wawili na kijana mmoja, wawe macho kwa matangazo ya mpango wa kaunti, na waende barazani na maoni yetu yaliyoandikwa.

Wazee wetu, ninyi mwajua mipaka kwa miti na mawe na mito, na kwa majina ambayo hayamo katika ramani yoyote. Elimu hiyo ikiingia kaburini pamoja nanyi, hakuna ndege itakayoipiga picha. Vijana wetu nao wajua kutumia vyombo vipya. Twawaomba mtembee pamoja mwaka huu, mzee mbele na kijana nyuma na kalamu yake, kabla ya mvua za masika.

Na yule mjane, shauri lake halijakwisha. Ameketi nasi hapa leo, na watoto wake watatu. Twaomba mnapopiga kura mkumbuke sahihi zetu zilizo katika lile daftari la shule.