Milima ya Himalaya na Hesabu ya Joto

Wako Wakristo, hasa wa Marekani, tangu John Whitcomb na Henry Morris walipotoa kitabu chao juu ya gharika mwaka 1961, washikao ya kuwa umri wa dunia ni miaka elfu chache tu, na ya kuwa milima mirefu tuionayo leo iliinuka ghafla katika zama za gharika ya Nuhu. Nao huitaja dalili ya mabaki ya viumbe vya baharini yaliyomo katika mawe ya kilele cha Everest, mita 8,849 juu ya bahari. Dalili hiyo ni ya kweli, kwani mawe yale ya chokaa yalijitanda kwanza katika sakafu ya bahari. Lililo muhali ni ile haraka.

Bara Hindi lilisafiri kaskazini takriban kilomita 6,000 hata likakutana na Asia yapata miaka milioni 50 iliyopita, na vipimo vya satelaiti vyathibitisha kwamba lingali likiisukuma, sentimita 4 hivi kila mwaka. Lau masafa yale yangalikatwa kwa mwaka mmoja wa gharika, lingalikwenda kilomita 16 kila siku. Na madhali nyuma ya bara lisafirilo sakafu mpya ya bahari huzaliwa kwa mawe yaliyoyeyuka, joto lake, likitoka lote kwa muda mfupi namna hiyo, lingalitosha kuzichemsha bahari zote zikakauka.

John Baumgardner na wenzake, walioitetea mwaka 1994 nadharia ya mabara kusafiri kwa haraka hiyo, hawakulificha joto hilo, wakadhani kwamba mvuke ulilichukua ukalipeleka angani. Lakini mvuke wa baharini hauyapozi majabali yaliyozikwa kilindini. Mlima Makalu, jirani wa Everest, ni granaiti iliyoganda chini ya ardhi. Na ikiwa jiwe la figa hubaki na moto kuni zikiisha kuondolewa, jabali lenye unene wa kilomita kadhaa hupoa kwa malaki ya miaka.

Amma imani, haidhuriki kwa ukweli huu. Aaminiye kwamba milima ni kazi ya Mola ndiye apaswaye kuusikiliza ushahidi wa milima hiyo kabla ya wengine wote. Basi kila afundishaye watoto wetu habari ya milima iliyoinuka kwa mwaka mmoja, insafu yamlazimu awaeleze kwanza joto lile lilikwenda wapi.